JUMANNE: Je, Tulaumu Ugonjwa wa Akili?

Soma Mwanzo 4:3–8 na 1 Wafalme 19:3–9. Ni nini kilichomsukuma Kaini kuua? Mungu alimtendeaje Eliya alipoomba afe?

Mtu anapoua wengi kwa bunduki huko Marekani, watu husema upesi kwamba ni mwendawazimu. Lakini wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Kaini aliua kwa wivu na hasira. Tena, mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini humo. Zaidi ya nusu walijiua. Aliyekata tamaa asiogopwe: apelekwe kwa daktari, na silaha iwekwe mbali naye. Mungu alimlisha Eliya na kumwacha alale kabla ya kumwuliza neno.

Je, mgonjwa wa akili hupokewaje katika kanisa lenu?