Kasia au Mashine? Tupige Hesabu Kwanza

Leo tunazungumzia jambo linalobishaniwa katika mialo mingi ya Ziwa Victoria. Je, mvuvi anunue mashine, au aendelee na kasia? Hapa tukisema mashine tuna maana ya injini ya petroli inayofungwa nyuma ya mtumbwi. Vijana wengi wakiulizwa hujibu upesi: mashine. Wazee wengine nao hujibu upesi vilevile: kasia. Sisi tunaona pande zote mbili zimejibu kabla ya kupiga hesabu. Na hesabu yenyewe siyo ngumu. Ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, mambo tuliyojifunza darasani. Chukua kalamu na daftari, tuanze.

Mashine zilivyoongezeka

Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ni la nchi tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Mwaka 2000 nchi hizo zilihesabu vyombo vya uvuvi ziwani. Mitumbwi ilikuwa zaidi ya 42,000, lakini mashine zilikuwa kama 4,000 tu. Yaani katika kila mitumbwi kumi, tisa ilikwenda kwa kasia au kwa tanga. Ilipohesabiwa tena mwaka 2006, mashine zilikuwa zimepita 12,000. Kwa miaka sita tu zikawa mara tatu!

Sababu kubwa ni sangara. Samaki huyu aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 akawa ameenea sana, na viwanda vya minofu vikajengwa. Sangara hufuatwa mbali, na akishavuliwa hutakiwa afike kwenye barafu mapema, maana akilala juani bei inashuka. Mvuvi wa kasia aliyeko mbali hufika mwaloni amechoka na samaki wake wamechoka pia.

Kasia nalo lina kazi yake

Lakini tusilidharau kasia. Halinywi petroli. Likivunjika, unachonga jingine. Linapita kwenye maji mafupi, kwenye matete na kwenye magugu maji, mahali ambapo mashine hujisokota majani mpaka inazima. Na halina kelele.

Tena hata mwenye mashine hawezi kuliacha kasia nyumbani. Tazama wavuvi wa dagaa. Mashine huwafikisha mahali pa kuvulia usiku, basi, huzimwa. Kuzizunguka taa na kuuweka wavu vizuri ni kazi ya kasia. Anayevuta nyavu za sangara naye huinua mashine, kwa sababu wavu ukishaingia kwenye propela, wavu umechanika na propela imekwama. Hivyo mtu asikwambie kwamba kasia ni la maskini na mashine ni ya tajiri. Ni vyombo viwili vya kazi mbili.

Liko na tanga, ambalo vijana wanaanza kulisahau. Katika ziwa letu usiku upepo kwa kawaida hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, hutoka ziwani kuja nchi kavu. Wazee waliondoka na ule wa usiku wakarudi na huu wa mchana, bila kulipa senti.

Safari moja inagharimu nini?

Sasa hesabu. Bei tutakazotumia hapa ni za mfano. Wewe weka bei za mwalo wako.

Tuseme tuna mtumbwi wa mbao wa mita 8, na mashine ya nguvu za farasi 15. Nyavu ziko kilomita 12 kutoka mwaloni. Kwenda na kurudi ni kilomita 24. Kwa kasia, mtumbwi wenye mzigo huenda kama kilomita 4 kwa saa, sawa na mtu anayetembea taratibu. Kilomita 24 gawanya kwa 4, ni saa 6. Kwa mashine tuseme unakwenda kilomita 12 kwa saa. Kilomita 24 gawanya kwa 12, ni saa 2. Umeokoa saa 4.

Mashine ya nguvu za farasi 15 ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa kama lita 6 za petroli kwa saa. Saa 2 ni lita 12. Kama lita ni shilingi 3,000, petroli ni shilingi 36,000. Mashine nyingi tulizozoea huchanganyiwa oili ndani ya petroli, lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Kwa lita 12 ni kama robo lita ya oili. Tuseme shilingi 3,000. Tumefika 39,000.

Wengi wetu huishia hapo. Husema, safari imekula 39,000. Siyo kweli, bado. Mashine yenyewe inachakaa. Kama uliinunua kwa shilingi 6,000,000 na itafanya kazi miaka 4, na kila mwaka unakwenda ziwani siku 200, hizo ni safari 800. Milioni 6 gawanya kwa 800, ni shilingi 7,500. Kila safari imekula 7,500 za mashine, ingawa hukuona mtu akizichukua mfukoni. Ongeza plagi, vipuri na fundi, tuseme 3,500 kwa safari. Jumla ni shilingi 50,000.

Basi swali ni hili: mashine inakuletea samaki wa zaidi wenye thamani ya 50,000 kila safari? Kama kilo ya sangara ni shilingi 8,000, unatakiwa upate kilo 6 na robo zaidi ya zile ambazo ungepata kwa kasia. Hapo ndipo unakuwa hujapata wala hujapoteza. Faida inaanza baada ya hapo.

Sasa tazama nyavu zikiwa karibu, kilomita 3 tu. Kwenda na kurudi ni kilomita 6. Kasia ni saa moja na nusu, mashine ni nusu saa. Umeokoa saa 1. Petroli ni lita 3, shilingi 9,000. Oili 750. Lakini uchakavu tunauacha palepale 7,500, na fundi 3,500. Jumla 20,750. Katika safari ya mbali, kila saa uliyookoa iligharimu 12,500. Katika safari ya karibu, saa moja imegharimu 20,750! Kwa mtu wa nyavu za karibu, sisi tunasema wazi: kasia. Kwa mtu wa mbali, mashine inaweza kumfaa, akiitunza.

Na asiifungue mpaka mwisho kila mara. Mtumbwi mzito unasukuma maji mbele yake kama mtu anayesukuma kilima. Ukizidisha mwendo, kilima kinakua. Kwa mtumbwi wa mita 8, ukishapita kama kilomita 13 kwa saa, petroli inaungua sana na mwendo unaongezeka kidogo tu. Ukipunguza mwendo kwa robo moja, petroli unayotumia kwa saa inaweza kupungua kwa nusu. Hapa hatuhitaji fundi wala mkopo, ni mkono wa nahodha tu.

Mashine ya mkopo wa mnunuzi

Hapa ndipo penye mambo. Wavuvi wachache wana milioni 6 mkononi. Basi anakuja mnunuzi wa samaki, anasema: chukua mashine, utanilipa polepole, ila samaki wako wote utaniuzia mimi. Mvuvi anafurahi. Siku ya kwanza mwaloni kuna shangwe.

Tupige hesabu ya shangwe hiyo. Tuseme bei ya mwaloni ni 8,000 kwa kilo. Mnunuzi wako anakupa 6,500, kwa sababu una deni lake. Tofauti ni shilingi 1,500 kwa kilo. Ukipata kilo 20 kwa siku, umekatwa 30,000. Siku 200 za mwaka, zidisha kwa 30,000, ni shilingi 6,000,000.

Soma tena hiyo namba. Ni bei ya mashine nzima. Kwa mwaka mmoja umeilipa mashine kwa kukatwa bei, na kama hamkuandikiana vizuri, deni la milioni 6 bado liko palepale! Mwaka wa pili unailipa mara ya pili. Mwaka wa tatu mashine inaanza kukohoa, unahitaji vipuri, unamwendea nani? Yuleyule.

Hatusemi kila mnunuzi ni mwizi. Wako waliowasaidia wavuvi wakati ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka kuwakopesha. Tunachosema ni kwamba mapatano yaandikwe, na wewe uyasome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Kujua kusoma kuna kazi gani kama siyo hii? Tafuta katika karatasi: Mashine ni shilingi ngapi? Bei ya kilo itakuwa ngapi, na itapanda bei ya mwaloni ikipanda? Zile 1,500 zinazokatwa, zinapunguza deni au ni mali yake tu? Ukivunja mashine kabla ya kumaliza deni, hasara ni ya nani? Samaki wakipimwa, mzani ni wa nani na nani anaandika kilo? Kila siku andika kilo na fedha katika daftari lako mwenyewe. Usitegemee daftari la tajiri peke yake.

Njia nyingine ni kununua kwa kikundi au kukopa katika chama cha akiba na mikopo. Riba ya chama unaijua tangu mwanzo, na samaki wako unamuuzia umtakaye. Serikali ya Tanzania nayo ilianza kukopesha vikundi vya wavuvi boti zenye mashine kwa masharti nafuu. Januari 2024 boti kadhaa zilitolewa Mwanza. Maofisa wa uvuvi wa wilaya ndio wa kuulizwa utaratibu. Na upande wa Kenya wako wavuvi waliokodishwa mashine za betri, zisizonunuliwa petroli. Hizo nazo zipigiwe hesabu zake.

Wanaopiga kasia watakula nini?

Jambo hili husahauliwa. Mtumbwi wa kasia unahitaji watu wanne au zaidi. Wa mashine unaweza kwenda na watatu. Huyo wa nne amepoteza kazi. Tena katika mialo mingi gharama za mafuta hutolewa kwanza, ndipo mapato yagawanywe kati ya mwenye mtumbwi na vibarua. Mahali pengine mashine nayo ina fungu lake, kama mtu! Siku ya samaki wengi hakuna anayelalamika. Siku ya samaki wachache, petroli inalipwa yote, mashine inapata fungu, na kijana aliyekesha ziwani anarudi na samaki wawili wa mboga. Kwa hiyo kabla mashine haijafungwa, mwenye mtumbwi na vibarua wakae chini wakubaliane mgawo, wauandike. Ugomvi mwingi wa mwaloni ni wa maneno ambayo kila mtu anayakumbuka kwa namna yake.

Ukishaamua kununua

Kwanza tazama mtumbwi wako. Wa gogo uliochongoka pande zote mbili hauna mahali pa kufungia mashine. Unahitaji mtumbwi wa mbao wenye mgongo wa nyuma uliokatwa bapa na ulioimarishwa. Mtetemo hulegeza misumari na kufungua nyufa, kwa hiyo utaziba mara nyingi kuliko zamani. Mashine ifungwe kwa kamba pia, siyo kwa skrubu zake tu. Ikitumbukia, milioni 6 ziko chini ya ziwa.

Ikiwaka, tazama kijimkondo cha maji kinachotoka pembeni. Ndicho kinachoonyesha kwamba inapozwa. Kikikatika, zima mara moja, angalia kama majani au nailoni imeziba. Mashine nyingi zimeungua kwa nahodha kusema "tufike kwanza."

Petroli igawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la shida. Makasia yawemo ndani ya mtumbwi kila safari, na jaketi okozi moja kwa kila mtu. Tunalisisitiza hili kwa sababu mashine imetupeleka mbali kuliko kasia lilivyotupeleka. Dhoruba za ziwa letu mara nyingi hupiga usiku, na mwenye mashine iliyozima kilomita 12 kutoka nchi kavu, bila kasia, anabebwa na upepo kama gome la mti.

Kazi ya kufanya nyumbani

Mzee mmoja ana nyavu zake kilomita 6 kutoka mwaloni. Atumie mwendo, bei, mashine na idadi ya siku zilezile za somo hili. Ataokoa saa ngapi kwa safari? Safari itamgharimu shilingi ngapi, pamoja na oili, uchakavu na fundi? Anahitaji kilo ngapi za sangara za zaidi ili asipate hasara?

Majibu: saa 2, shilingi 30,500, kilo 3 na gramu 800 na kitu. Kama umepata tofauti, angalia kwanza kama ulihesabu kurudi.