Kichwa cha Jumapili: Punguza Chai na Kahawa Pole Pole

JE, wewe ni miongoni mwa wale ambao kichwa huwauma kila Jumapili? Siku za kazi u mzima wa afya. Lakini ifikapo siku ya mapumziko, saa sita au saa saba mchana, kichwa kinagonga kama ngoma, macho ni mazito, na hata watoto wakicheka unaona wanakupigia kelele.

Kabla hujalaumu jua kali au mahubiri marefu, jiulize swali moja: leo umekunywa chai saa ngapi?

Tuchukue mfano wa karani wa ofisi jijini Nairobi. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa kabla ya kukimbilia matatu. Saa nne chai ya ofisini inapopitishwa, hunywa kikombe kingine. Chakula cha mchana hukisindikiza kwa chupa ya soda aina ya kola. Saa kumi alasiri, usingizi unapomnyemelea, hukoroga kahawa ya unga katika maji moto. Saa moja jioni, akiwa nyumbani, hunywa chai tena pamoja na jamaa yake.

Jumapili mambo hubadilika. Huamka saa tatu, akavaa haraka haraka kuwahi ibada, na hadi saa saba mchana hajatia chai kinywani. Tangu kikombe cha mwisho cha Jumamosi jioni, saa 18 zimepita. Kichwa kinamwuma. Anameza vidonge viwili alivyonunua dukani na baada ya muda anapata nafuu. Anaishukuru dawa.

Asilolijua ni kwamba baadhi ya vidonge hivyo vya maumivu vimetiwa kafeini, ile ile iliyomo katika chai aliyoikosa asubuhi. Mwili wake uliomba chai, naye akaupa kwa njia ya kidonge.

KAFEINI HUFANYA NINI?

Kafeini ni kemikali inayopatikana katika majani ya chai, buni za kahawa, kakao na mbegu za kola. Mwanakemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, ndiye aliyeitenga kutoka kwa kahawa mara ya kwanza mwaka 1819.

Ubongo unapofanya kazi mchana kutwa, huzalisha kemikali iitwayo adenosini. Fikiria ubongo kama matatu yenye viti, na adenosini kama abiria. Viti vinapojaa, wewe husikia uchovu na kusinzia. Kafeini inafanana sana na abiria huyo, kwa hivyo huwahi kukalia viti vyake. Adenosini hubaki imesimama kituoni, nawe hujiona mchangamfu. Uchovu haujaondoka. Umefungiwa mlango tu.

Ubongo nao haulali. Ukiona viti vimekaliwa kila siku na mgeni, huongeza viti vingine. Ndiyo maana kikombe kimoja kilichokuchangamsha mwaka wa kwanza wa kazi sasa hakikutoshi. Siku kafeini isipofika, adenosini huvamia viti vyote kwa pamoja, vya zamani na vya nyongeza. Isitoshe, mishipa ya damu kichwani iliyokuwa imebanwa na kafeini hupanuka. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kugonga.

HESABU YAKO NI NGAPI?

Watu wengi hudhani kafeini ni shida ya wanywaji kahawa. Nchini mwetu kahawa nyingi huuzwa ng'ambo na chai ndiyo hunywewa nyumbani, kwa hivyo wengi wetu huipata kutoka kwa sufuria ya chai. Vipimo hivi ni vya kukadiria, kwani hutegemea ukubwa wa kikombe na ukali wa kinywaji:

Kikombe cha chai: miligramu 40 hadi 50. Chai iliyochemshwa sana na majani mengi huzidi hapo.

Kikombe cha kahawa ya unga ya kukoroga: takriban miligramu 60.

Kikombe kikubwa cha kahawa iliyopikwa: takriban miligramu 95.

Chupa ya soda ya kola ya mililita 300: takriban miligramu 30.

Mkebe wa mililita 250 wa vinywaji vya kuongeza nguvu: takriban miligramu 80. Ule wa mililita 500 hufikia 160.

Kidonge cha maumivu kilichotiwa kafeini: baadhi huwa na miligramu 65 kila kimoja.

Sasa mhesabie karani wetu. Vikombe vinne vya chai, kimoja cha kahawa na soda moja ni kama miligramu 270 kwa siku. Vile vidonge viwili vya Jumapili vinaweza kumpa 130, yaani sawa na vikombe vitatu vya chai.

Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Muungano wa Ulaya ilisema kuwa mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi. Karani wetu hajavuka mpaka huo, na kahawa au chai ya kiasi si sumu. Hata hivyo, mtu anayetumia miligramu 100 tu kila siku anaweza kuugua kichwa akiikosa ghafla. Kuwa ndani ya kiwango salama si kinga ya kuzoea.

NI NANI HASA APUNGUZE?

Wa kwanza ni mama mjamzito. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wataalamu wa Ulaya waliweka mpaka wa 200. Mwili wa mjamzito huchukua muda mrefu zaidi kuiondoa kafeini, hasa katika miezi ya mwisho, na kafeini hiyo humfikia mtoto tumboni.

Wa pili ni yule asiyepata usingizi. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa kahawa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake ingali inazunguka katika damu. Unalala vibaya, unaamka umechoka, unaongeza kikombe cha asubuhi, na mzunguko unaanza upya.

Wengine ni wale ambao moyo huwaenda mbio, mikono huwatetemeka, wasiwasi huwasumbua, au tumbo huwachoma kwa kiungulia. Aidha, vidonge vya kupanga uzazi na baadhi ya dawa za viini, kama vile siprofloksasini, huichelewesha kafeini mwilini. Moshi wa sigara nao huiondoa kwa haraka. Kwa hivyo ukiacha kuvuta sigara na uendelee na vikombe vile vile, kafeini itakuzidia, na ile hali ya kutotulia utadhani ni sigara tu unayoitamani.

USIIACHE KWA SIKU MOJA

Wengi huamua Jumatatu asubuhi, "Kuanzia leo, sinywi tena!" Kufikia Jumanne wamerudi kwenye birika wakilalama kuwa mwili umekataa.

Mwili haukukataa. Dalili za kuikosa kafeini huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Huwa kali zaidi siku ya kwanza au ya pili, na huweza kudumu tangu siku mbili hadi tisa. Kichwa huuma, mtu huchoka, hukasirika upesi, hushindwa kumakinika, na pengine husikia kichefuchefu. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliiingiza hali hii katika orodha yao rasmi ya maradhi. Usikubali basi mtu akuambie unajisingizia.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Fuata hatua hizi:

WIKI YA KWANZA: Usipunguze chochote. Chukua daftari uandike kila kikombe, soda na kidonge, pamoja na saa. Kisha Jumapili kunywa chai yako saa ile ile unayoinywa siku za kazi. Kichwa kikikosa kuuma, umempata mshukiwa wako.

WIKI YA PILI: Ondoa kikombe cha mwisho cha siku. Badala yake chemsha maji na tangawizi, mchaichai au mdalasini bila majani ya chai, au kunywa maziwa ya moto. Mara nyingi usingizi ndio utakaotengemaa kwanza, na huo utakupa moyo wa kuendelea.

WIKI YA TATU: Punguza kile kikombe cha alasiri kiwe nusu, kisha kiache. Kunywa glasi ya maji na utembee dakika kumi. Usikibadilishe kwa soda ya kola wala kinywaji cha kuongeza nguvu. Hapo utakuwa umehama chumba katika nyumba ile ile.

WIKI YA NNE: Ingia jikoni. Ikiwa sufuria ya asubuhi hutiwa vijiko vinne vya majani, tia vitatu, wala usiyachemshe kwa muda mrefu. Wiki inayofuata tia viwili. Waliomo nyumbani huenda wasitambue.

Kichwa kikikuuma kidogo, usirudi ulikotoka. Kaa palepale ulipofikia kwa siku tatu au nne, kisha uendelee. Ukifikia kikombe kimoja au viwili asubuhi, unaweza kutosheka hapo, au ukaendelea hadi uache kabisa. Kahawa iliyoondolewa kafeini inaweza kukusaidia, ingawa nayo hubakiwa na miligramu chache.

Na ukienda ugenini? Kwetu mgeni akikataa chai, mwenyeji huona amedharauliwa. Usikatae. Omba nusu kikombe, au sema, "Mama, leo nipe maziwa ya moto tu."

WANAOFUNGA

Msomaji wa Mombasa aliyezoea kahawa tungu barazani kila jioni, na chai kila asubuhi, anaijua siku ya kwanza ya Ramadhani. Kichwa kinachouma adhuhuri aghalabu husingiziwa njaa, na ni kweli njaa na kiu huchangia. Lakini sehemu kubwa inaweza kuwa ni kafeini iliyokatwa ghafla. Anza kupunguza vikombe vya mchana katika mwezi wa Shaaban, wiki mbili kabla ya kufunga, nawe utafunga kwa wepesi. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetakiwa kukaa bila kula wala kunywa kabla ya upasuaji. Mweleze daktari unakunywa vikombe vingapi kwa siku.

CHAI NA CHAKULA

Hata ukibaki na kikombe kimoja, angalia unakinywa lini. Chai na kahawa zina kemikali zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, dengu na mboga za majani. Mtu anayekula githeri huku akiteremshia kwa chai hupoteza sehemu ya chuma alichokinunua kwa pesa zake. Acha saa moja ipite kabla au baada ya chakula. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa wajawazito, wasichana walio katika hedhi na watoto wadogo, ambao upungufu wa damu huwapata kwa urahisi. Mtoto mchanga asipewe chai kamwe.

Kuna faida nyingine. Anayetia vijiko viwili vya sukari katika kila kikombe, akipunguza vikombe viwili kwa siku, amepunguza sukari kiasi cha gramu 16 bila kujinyima kitu kingine.

JIHADHARI

Soma karatasi ya dawa ya maumivu kabla ya kuimeza, au muulize mwuza dawa kama ina kafeini. Ukiona unameza vidonge vya mchanganyiko huo siku 10 au zaidi kwa mwezi, vidonge vyenyewe vinaweza kuwa chanzo cha maumivu. Muone daktari.

Wala usidhani kila kichwa kinachouma ni cha chai. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe malaria. Kichwa kikianza ghafla kwa ukali usiowahi kuusikia, au shingo ikikakamaa, ukitapika, ukiona ukungu machoni au upande mmoja wa mwili ukilegea, kimbilia hospitali mara moja. Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa asingoje, kwani huenda ni shinikizo la damu.

Lakini kama ni kile kichwa cha kila Jumapili, kinachoisha punde tu unapomaliza kikombe, basi umeshakijua. Jumapili ijayo, kabla ya kufungua pakiti ya vidonge, fungua daftari lako uhesabu.