JIHADHARI NA MWIZI ALIYEVAA SURA YA RAFIKI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mpenzi msomaji, methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, pengine ili tupate maki tu. Leo nataka tuitumie kwa kazi yake hasa. Somo langu linahusu walaghai wanaowaibia vijana akaunti za michezo ya mtandaoni pamoja na mali iliyomo ndani yake.

Nimelichagua somo hili kwa sababu wengi wetu tunacheza, iwe kwa simu ya mzazi, iwe kwenye saiba baada ya masomo. Tena wengi wetu tunadhani kwamba mwizi wa akaunti ni bingwa wa kompyuta anayekesha akivunja nywila, yaani maneno ya siri ya watu. La hasha! Mara nyingi mwizi huyu havunji kitu. Huazima sura ya mtu unayemwamini, akabisha hodi, nawe ukamfungulia mlango kwa mkono wako mwenyewe. Wazee walikuwa na neno la kumwita mtu wa aina hii: ayari, yaani laghai mwenye hila nyingi. Nitalitumia katika makala haya yote.

1. JE, HIYO NI MALI AU NI HEWA?

Mzazi atauliza: mtu ataibiwaje kitu kisichoshikika? Swali ni zuri. Tuchukue mfano wa Steam, duka na uwanja wa michezo ya kompyuta ulioanzishwa mwaka 2003 na kampuni ya Valve ya Marekani. Mwezi Agosti 2013, mchezo wao wa Counter-Strike: Global Offensive uliingiziwa skini, yaani rangi na marembo ya bunduki na visu vya mchezoni. Skini haikufanyi ulenge shabaha vizuri zaidi. Ni pambo tu, kama herini. Lakini nyingine ni adimu, na kitu adimu kikitafutwa na wengi bei yake hupanda. Hayo tumeyasoma katika somo la Biashara. Wachezaji wakaanza kuuziana na kubadilishana, na palipo soko mwizi hakosi. Desemba 2015 Valve wenyewe walitangaza kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa kila mwezi. Wakaongeza kwamba walioibiwa hawakuwa wageni wasiojua kitu. Walikuwamo hata wachezaji wa kulipwa.

Huko Uholanzi sheria imekwisha kulijibu swali letu. Novemba 2007 polisi walimkamata kijana wa miaka 17 kwa tuhuma za kuiba samani za mchezo wa Habbo Hotel zenye thamani ya yuro 4,000. Wenye samani walikuwa wamevutwa kwenye tovuti bandia zilizofanana na ile halisi, wakaandika nywila zao humo. Mwaka huo huo, mjini Leeuwarden, vijana wawili walimpiga mvulana wa miaka 13 wakamlazimisha awape hirizi na kinyago alivyokuwa navyo katika mchezo wa RuneScape. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Uholanzi. Tarehe 31 Januari 2012 mahakama hiyo ikaamua kwamba vitu hivyo ni mali inayoweza kuibwa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ametoa muda na jasho lake kuvipata. Basi yeyote atakayekuambia kwamba umeibiwa hewa, mpe mfano huo.

2. HILA YA "NIMEKUSHTAKI KWA MAKOSA"

Hila hii imewatoa machozi watu wengi katika Steam, na inafaa tuichambue kama tunavyochambua tamthilia. Ina wahusika watatu: mchezaji, "rafiki" na "afisa". Ukweli ni kwamba rafiki na afisa mara nyingi ni mtu mmoja, au ni watu wa genge moja.

Onyesho la kwanza. Rafiki anakuandikia: "Samahani sana ndugu yangu, nimefanya kosa kubwa. Kuna mtu alinitapeli, na jina lake linafanana na lako. Nimekushtaki wewe badala yake. Akaunti yako itafungwa leo usiku." Unashtuka. Jina ni la rafiki yako, picha ni yake, na mazungumzo yenu ya zamani yapo pale juu. Kumbe akaunti yake ilitekwa jana kwa hila iyo hiyo.

Onyesho la pili. Anakutumia picha ya "mashtaka" yenyewe, ambayo ameitengeneza. Halafu anasema, "Nimezungumza na afisa wa Valve. Amesema lazima wewe mwenyewe umwandikie. Huyu hapa, yuko Discord." Unakwenda. Unamkuta afisa mwenye nembo ya kampuni na Kiingereza cha ofisini.

Onyesho la tatu. Afisa anakuhoji kwa adabu. Kisha anakuomba mojawapo ya haya: umsomee nambari za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, au ubadilishe anwani ya barua pepe ya akaunti uweke ile anayokupa yeye, au umpe rafiki vifaa vyako avishike kwa muda "wakati wa uchunguzi". Ukitekeleza, pazia linaanguka. Akaunti imekwenda, na kesho yake jina lako ndilo litakalowaandikia marafiki zako: "Samahani sana ndugu yangu..."

Sasa sikiliza jambo moja ambalo lingeiua tamthilia hii mapema. Wafanyakazi wa Steam hawaongei na wachezaji kuhusu mashtaka kwa njia ya gumzo, wala hawako Discord wakingoja kutafutwa. Huduma yao hutolewa kupitia ukurasa wao wenyewe wa msaada. Kwa hiyo huna haja ya kuchunguza kama nembo ya afisa ni halisi. Huko kuja kwake kwenye gumzo kunatosha kumfichua.

3. SURA PACHA

Hila ya pili haihitaji hata kuteka akaunti ya rafiki. Katika Steam jina la kuonyeshwa linaweza kutumiwa na mtu yeyote, hata watu mia. Picha nayo hunakiliwa kwa dakika moja. Ayari hutengeneza pacha wa rafiki yako, akangoja siku mnayobadilishana vifaa, kisha akaleta ombi lake. Wewe unaona jina na picha unazozijua, unathibitisha, na mali inakwenda kwa pacha.

Dawa ipo. Kila akaunti ya Steam ina nambari yake ya tarakimu 17, na hakuna akaunti mbili zenye nambari moja. Jina huigwa, nambari haiigiki. Tazama pia umri wa akaunti. Rafiki uliyecheza naye miaka mitatu hawezi kuwa na akaunti iliyofunguliwa juzi.

Katika michezo ya simu mambo ni hayo hayo. Wachezaji wa Free Fire huandikiwa na watu wanaojiita maafisa wa kampuni, wakiahidi almasi za bure mradi utoe nywila. Ndugu msomaji, anayetaka kukununulia almasi anahitaji nambari yako ya mchezaji tu. Akiomba nywila, kuna kingine anachokitafuta.

4. KWA NINI WEREVU HUNASWA?

Nimezisoma hila hizi nikaona kwamba Wakenya hatupaswi kuwa wageni kwazo. Nani kwetu hajaupata ujumbe wa "nimetuma pesa kwako kimakosa, tafadhali nirudishie, ni za mgonjwa"? M-Pesa ilianza mwaka 2007, na walaghai hawakukawia kuifuata. Linganisha ujumbe huo na ule wa "nimekushtaki kwa makosa". Zote mbili zinaanza kwa kosa na kuomba radhi. Kisha anakuja mkubwa fulani, mtu wa "huduma kwa wateja" au afisa. Na zote zina haraka: leo usiku, sasa hivi, kabla akaunti haijafungwa.

Mambo hayo matatu hayaugusi ujinga wako. Yanagusa tabia njema uliyolelewa nayo. Tumefundishwa kumhurumia anayeomba radhi, kumtii mkubwa na kutomchelewesha mwenye shida. Ayari anaijua tabia hiyo vizuri na anaitumia kama ufunguo. Ndiyo maana mtu mwenye A ya hesabu hunaswa sawa na mwingine yeyote. Haraka ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mtu akikupa dakika tano za kuamua, jua kwamba dakika ya sita ingekuonyesha ukweli.

5. WANAOIBIWA NI WAWILI

Katika darasa letu yuko mwenzetu mmoja ambaye akaunti yake ya mchezo wa simu ilitekwa wakati wa likizo. Jina lake silitaji. Ayari aliingia humo akawaandikia marafiki zake akiomba mkopo wa salio, "nitarudisha shule ikifunguliwa". Watatu walituma. Shule ilipofunguliwa walimjia dawatini kudai pesa zao, naye hakujua wanazungumzia nini. Walimwita mwizi mbele yetu. Kwa karibu muhula mzima alikuwa akila chakula cha mchana peke yake nyuma ya maktaba, hata baada ya kuwaonyesha kwamba yeye mwenyewe hawezi tena kuingia katika akaunti hiyo. Mmoja wa wale watatu alimwambia, "Lakini ilikuwa picha yako!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna wizi wa aina mbili hapa. Aliyetuma salio alipoteza shilingi. Mwenye sura alipoteza kuaminiwa, na hicho hakinunuliwi dukani. Ukiiacha akaunti yako wazi usidhani unahatarisha skini zako peke yake. Unaweka rehani jina lako na pesa za marafiki zako.

Sheria yetu inalitambua jambo hili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 29, inasema kwamba anayetumia nywila au kitambulisho cha kipekee cha mtu mwingine kwa udanganyifu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nasema haya pia kwa wale wenzetu wanaoona kwamba kuingia katika akaunti ya mwingine ni mzaha wa darasani.

6. KINGA

Tahadhari kabla ya hatari. Haya ndiyo ya kushika:

(a) Mtafute mwenye sura kwa njia nyingine uliyoichagua wewe. Rafiki akikuandikia jambo la ajabu mchezoni, mpigie simu usikie sauti yake. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, tunakaa mitaa ile ile. Nenda ukagonge mlango. Usiandikie mate na wino upo.

(b) Nambari za uthibitisho zinazoingia kwenye simu yako ni zako peke yako. Hakuna afisa wa kweli anayeziomba.

(c) Usiingie katika akaunti kupitia kiungo ulichotumiwa, hata kikisema "ipigie timu yangu kura". Andika anwani mwenyewe. Kwenye kompyuta, dirisha dogo la kuandikia nywila likitokea, jaribu kulivuta nje ya dirisha kubwa. Likigoma kutoka, ni picha tu iliyochorwa ndani ya ukurasa. Likimbie.

(d) Kwenye saiba, ondoka katika akaunti yako kabla ya kuinuka kitini. Anayekaa baada yako humjui.

(e) Kabla ya kuthibitisha ubadilishanaji wowote, soma tena ni nani anayepokea na ni kitu gani kinachotoka.

(f) Ukiibiwa, usinyamaze kwa aibu. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa salama, wajulishe wahudumu wa mchezo, na uwaambie marafiki zako kwa mdomo siku hiyo hiyo kabla ayari hajawafikia. Steam hawana desturi ya kurudisha vitu vilivyokwisha kutoka. Tangu Julai 2025 mchezaji wa Counter-Strike 2 anaweza kutangua ubadilishanaji wa vifaa vya mchezo huo ndani ya siku 7, lakini siku hizo huisha upesi kwa mtu aliyejificha na aibu yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

(Majibu yapelekwe kwa katibu wa Chama cha Kiswahili. Yatasomwa katika mkutano wetu.)

1. Eleza tofauti kati ya jina la akaunti na nambari ya akaunti. Kipi huigwa?

2. Taja mambo matatu yanayofanana kati ya ujumbe wa "nimetuma pesa kimakosa" na ule wa "nimekushtaki kwa makosa".

3. Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilitoa sababu gani ya kuviita hirizi na kinyago mali? Je, unakubaliana nayo?

4. Tunga sentensi mbili ukitumia maneno haya: ayari, kutangua.

5. Rafiki yako wa dawati moja amekuandikia saa nne usiku akiomba nambari zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenu. Utafanya nini? Jibu lako lisizidi sentensi moja.