Pima kasi ya sayari kwa kikokotoo cha simu

Kila sekunde inayopita, Dunia inasogea karibu kilomita 30 katika safari yake ya kulizunguka Jua. Hesabu yake iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote wa sekondari. Zinatakiwa namba mbili tu: umbali wa wastani kati ya sayari na nyota yake, na muda wa mzunguko mmoja.

Chukua umbali huo, uzidishe kwa 2, kisha kwa pai (3.1416). Huo ndio urefu wa njia nzima. Kwa Dunia, kilomita milioni 149.6 zinatupa njia ya kilomita milioni 940. Mwaka una siku 365.25, na siku moja ina sekunde 86,400. Zizidishe, upate sekunde 31,557,600. Gawanya njia kwa muda: kilomita 29.8 kwa sekunde. Wengi hukwama kwenye vipimo, kwa kusahau kugeuza siku kuwa sekunde.

Hapa tunahesabu kasi bila kujali uelekeo. Ukitia uelekeo, mzunguko mzima huirudisha sayari ilipoanzia, na wastani unakuwa sifuri.

Wastani, hata hivyo, unaficha jambo tamu kuliko yote. Mwaka 1609 Johannes Kepler, baada ya kuchambua vipimo vya Mirihi vilivyoachwa na Tycho Brahe, alieleza kwamba sayari hupita njia ya duaradufu, na huongeza mwendo inapolikaribia Jua. Dunia hulikaribia mapema Januari, ikienda kilomita 30.3 kwa sekunde. Mapema Julai hushuka hadi 29.3. Chukua kalenda uhakikishe: tangu jua la utosi kwenye ikweta mwezi Machi hadi lile la Septemba ni siku 186 hivi, lakini kutoka Septemba hadi Machi ni 179 tu.

Utaridi, ambayo duaradufu yake imerefuka zaidi, huipa kanuni yetu kosa la asilimia 1: tunapata 47.9 badala ya 47.4. Kosa hilo linavumilika.

Sasa jaribu sayari ya nyota nyingine. 51 Pegasi b, iliyogunduliwa na Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995, iko kilomita milioni 7.8 hivi kutoka kwa nyota yake na huizunguka kwa siku 4.23. Jibu lako likikaribia kilomita 134 kwa sekunde, umepatia.