Gari Ikikataa Kuwaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Somo la leo ni kwa kila kikundi chenye gari ya zamani ya petroli, au kinachokodi gari kama hiyo kupeleka mihogo, viazi vitamu na njugu sokoni Malaba au Busia.

Mambo huenda hivi. Asubuhi ya soko, magunia yamepakiwa, gari inakataa kuwaka. Mmoja anasema ni betri. Mwingine anasema ni koili. Wa tatu anaapa ni plagi. Mweka hazina anatoa pesa, vyote vitatu vinanunuliwa, na gari bado imelala. Jioni fundi anafungua distributa na kukuta platini zimeshika uchafu. Zinasuguliwa kwa msasa, gari inaunguruma. Lakini mchango wa wiki nyingi umekwisha, na mihogo imeanza kuharibika.

Kilichopotea hapo kilipotea kwa kubahatisha. Tujifunze basi kupima.

GARI YA MBIO NA PIKAPU YETU

Wazee wetu wanakumbuka Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari ya aina hiyo hiyo. 240Z ni gari ya michezo: milango miwili, silinda 6, kabureta mbili. Pikapu ya Datsun 1200 ina silinda 4 na kabureta moja. Peugeot 504 ya petroli nayo ina silinda 4.

Ukizitazama kwa nje utasema hazina undugu. Fungua boneti. Zote zinataka vitu vilevile: moto wa plagi kwa wakati wake, na petroli safi iliyochanganyika na hewa. Hakuna kompyuta ndani yake. Kwa hiyo mtu anayetunza 240Z yake nyumbani na kikundi cha Kocholia chenye pikapu hufuata njia moja.

Angalieni: somo hili si la gari za dizeli, wala si la gari za siku hizi zenye kompyuta. Hizo zina vipimo vyake, na ukichomoa nyaya ovyo unaweza kuziharibu.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

1. Simamisha gari mahali tambarare. Vuta handibreki, weka gia katika nyutro, na kuzuia magurudumu kwa mawe.
2. Usilete sigara, mshumaa wala koroboi karibu. Mvuke wa petroli huwaka hata usipoonekana. Weka ndoo ya mchanga hapo kando.
3. Usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Weka magogo imara.
4. Funga leso na mikono mirefu ya nguo isije ikanaswa na feni.
5. Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.

HATUA YA KWANZA: JE, INJINI INAZUNGUKA?

Washa taa kubwa, halafu piga stata huku mtu mmoja akizitazama. Taa zikififia sana na injini isizunguke, shaka betri au vichwa vyake. Taa zikibaki kali na stata inyamaze kimya, shida iko kwenye swichi, waya wa stata au stata yenyewe.

Kabla ya kusema betri imekufa, tazama vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye baking soda, kausha, kaza, paka grisi. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Kama kuna mtu mwenye mita, betri nzuri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12 iko karibu kuisha, basi ichajiwe kwanza, isitupwe.

HATUA YA PILI: JE, KUNA MOTO?

Injini inazunguka lakini haishiki. Chukua plagi ya akiba, uiingize kwenye waya mmoja wa plagi, na uilaze ili chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na kabureta. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika. Usiishike kwa mkono mtupu, utapigwa. Mwenzako apige stata. Cheche ya buluu yenye kulia "ta, ta, ta" ni nzuri. Ya manjano iliyo dhaifu, au kukosa kabisa, ni dalili ya ugonjwa.

Kama hakuna moto, zima swichi na ufungue kifuniko cha distributa. Fuata mpango huu:

- Kifuniko: je, kina unyevu au ufa? Msimu wa mvua unyevu ndio mchawi wa kwanza. Kaushe kwa kitambaa safi, ujaribu tena. Ufa haukaushwi, hicho kifuniko kibadilishwe.
- Platini: je, zimeungua au zimeshika vumbi? Sugua kwa msasa laini, kisha pangusa.
- Nafasi ya platini: na swichi ikiwa imezimwa, zungusha injini polepole mpaka platini zifunguke kabisa, ndipo upime kwa fila geji. Gari nyingi za aina hii hutaka kati ya milimita 0.4 na 0.5. Kitabu cha gari yako ndicho kinachoamua.
- Kondensa: ukisafisha platini leo na baada ya siku chache zimeungua tena, shaka kondensa.

Usiache swichi imewashwa muda mrefu huku injini imelala. Koili hupata joto ikaharibika.

HATUA YA TATU: JE, PETROLI INAFIKA?

Moto upo lakini gari haishiki. Usiamini geji ya mafuta. Chovya kijiti safi kwenye tangi. Kisha fikiria: je, gari hutembea mwendo fulani, ikazima, na ukifungua kifuniko cha tangi inawaka tena? Basi tundu la hewa la kifuniko limeziba. Lizibue. Hiyo haina gharama.

Kama si hilo, chomoa waya mwembamba wa koili ili kusiwe na cheche. Injini ikiwa imepoa, toa mpira wa petroli kwenye kabureta, uuelekeze kwenye chupa, na mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa kuruka-ruka. Isipotoka, tazama filta, mipira na pampu. Ikitoka vizuri, shaka uchafu ndani ya kabureta. Vijitundu vyake vipulizwe kwa pampu. Usivichokonoe kwa waya. Ukivipanua, gari itakunywa petroli kama ng'ombe kisimani.

Sasa itazame ile petroli ya kwenye chupa. Sisi wa mpakani twajua mafuta ya mitungi, yanauzwa kando ya barabara na bei ni tamu. Iache chupa itulie: maji hukaa chini, petroli juu. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka upesi. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, doa la mafuta hubaki. Shida hii haiko kwetu tu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo.

MAHALI PA KUSIMAMA

Moto upo, petroli safi inafika, gari bado? Mwite fundi. Kazi yenu haikupotea, maana mtamwambia mmepima nini na mmeona nini, naye hataanza kwa kubahatisha. Breki na usukani pia ni vya fundi anayejua. Na tangi la petroli lisichomelewe na mtu asiye na ujuzi huo, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki hulipuka.

DAFTARI LA GARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja la gari. Andikeni tarehe, dalili, kilichopimwa, kilichoonekana, kilichobadilishwa na bei yake. Badilisheni kitu kimoja, jaribuni, ndipo mguse kingine. Mkibadilisha vitatu pamoja, hamtajua ni kipi kilichoponya, na mwezi ujao mtalipa tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka uliopita tulinunua vipuri gani vya gari? Vingapi vilipimwa kwanza?
2. Nani kati yetu, kijana kwa msichana, atajifunza kupima moto na petroli? Wawe wawili, mmoja akisafiri mwingine awepo.
3. Mafuta yetu tunayanunua wapi, na nani huyakagua?
4. Je, mweka hazina akubali kutoa pesa ya kipuri bila kuonyeshwa daftari?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kusanyeni plagi moja ya akiba, msasa laini, fila geji, chupa safi inayoonyesha ndani, na daftari. Vikae pamoja katika sanduku moja ndani ya gari, na mtu mmoja apewe ufunguo wake.