KUWAKINGA WANA-MBUZI NA BARIDI YA MVUA

Mgeni aliyefika Lodwar mchana wa mwezi wa Februari, akiambiwa kwamba mbuzi wa nchi ile hufa kwa baridi, atadhani anafanyiwa mzaha. Mji huo uko kiasi cha mita 500 tu juu ya bahari. Joto la mchana hufika nyuzi 35 za Selsiasi na kupita, na usiku mara nyingi halishuki chini ya nyuzi 22. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Kakuma, iliyo mwendo wa kilomita 120 hivi upande wa kaskazini-magharibi, haitofautiani sana na hapo. Lakini mfugaji wa Kiturkana hashangai kusikia habari hiyo. Amekwisha kuona mvua iliyoombwa kwa miezi mingi ikinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka akakuta mbuzi waliovumilia kiangazi chote wamelala zizini, wamekufa.

Baridi inayoua huko si baridi ya hewa peke yake. Ni maji, upepo na njaa vikikutana katika usiku mmoja. Manyoya makavu ya mbuzi hushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Yakilowa, blanketi limeondoka. Tena maji yanapokauka juu ya ngozi huchukua joto jingi kuliko watu wanavyodhani. Joto linalohitajika kukausha kikombe 1 cha maji lingetosha kuchemsha vikombe 7 vya maji ya mtungi. Upepo huharakisha kazi hiyo, na Turkana ni nchi ya upepo hasa. Hewa inayovuma kutoka kusini-mashariki hubanwa kati ya milima ya Kenya na ile ya Ethiopia, ikapita kwa nguvu kama maji ya mfereji. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani, imesimamishwa mitambo 365 ya kufanya umeme kwa upepo huo, nayo iliunganishwa na nyaya za umeme za taifa mwaka 2018.

Jambo la tatu, yaani njaa, ndilo linaloamua. Mwili wa mbuzi hukaa karibu na nyuzi 39. Sehemu kubwa ya joto lake hutoka tumboni, kwa maana majani yanayochachuka humo hupata moto, kama lundo la majani mabichi lilivyo na moto ndani yake. Mbuzi aliyekonda kwa ukame hana mafuta chini ya ngozi, wala hana kitu tumboni cha kumpasha joto. Katika ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020 mvua za misimu 5 mfululizo zilikosekana kaskazini mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Mtu aliyebakiwa na mbuzi 10 kati ya 100, akipoteza 4 katika usiku wa mvua ya kwanza, amepoteza mbegu ya kundi lake jipya.

Wanaotangulia kufa ni wana-mbuzi. Mwana-mbuzi wa Turkana huzaliwa na uzito wa kilo 2 hivi, naye huja duniani akiwa amelowa. Mwilini amewekewa mafuta kidogo ya namna ya pekee, kazi yake kuwaka na kumpa joto, lakini hayo huisha kwa muda wa saa chache. Baada ya hapo tegemeo lake ni dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama yake. Yafaa anyonye mapema katika saa ile ya kwanza, na asipitishe saa 6 bila kushiba. Dang'a humpa nguvu ya kutengeneza joto na kinga ya magonjwa pia. Mama aliyekonda pengine hana maziwa ya kutosha, na hapo ni vema kukamua dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku ile ile.

Watu husema mnyama hujua mwenyewe kujikinga. Ni kweli kwa paka, ambaye mawingu yakitanda huingia mekoni bila kuuliza mtu na kulala karibu na majivu ya moto. Mwana-mbuzi hana hiari hiyo, kwa kuwa amefungiwa ndani ya ua wa miiba ili asiliwe na fisi wala bweha, na hapo alipowekwa ndipo atakaponyeshewa.

Kwa hiyo kazi ni ya mwenye boma. Wanawake wa Kiturkana, ambao ndio wajengao nyumba, wana ujuzi wa zamani katika jambo hili. Akai, nyumba ya kulala, huezekwa kwa makuti ya mkoma na kufunikwa ngozi wakati wa mvua, na wana-mbuzi huwekewa kibanda chao kidogo ndani ya awi. Katika Lodwar na Kakuma siku hizi hutumika turubai, magunia na fito za mathenge, navyo vyafaa vikiwekwa kwa akili. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutandaza turubai juu na kuacha pande zote wazi. Mvua ya Turkana huja na upepo, hupiga kwa ubavu. Ni afadhali paa dogo lenye kuta tatu zilizozibwa tangu chini mpaka kifuani pa mtu, na juu yake paachwe nafasi ya hewa kupita. Kibanda kisichopitisha hewa hujaa harufu kali ya mkojo, na harufu hiyo huharibu mapafu. Chini patandikwe mchanga mkavu au majani makavu, pawe pameinuka. Kibanda kisijengwe katika laga hata siku moja. Mto Tarach unaopita Kakuma hupata maji kutoka upande wa milima ya mpaka wa Uganda, nayo yaweza kufika chini ya anga isiyo na wingu.

Chakula cha jioni ni kinga kama paa lilivyo. Maganda ya mti wa ewoi huanguka wakati wa kiangazi, na familia zenye ekwar yao, yaani sehemu yao ya miti kando ya mto, huyakusanya. Gunia 1 au 2 zisiguswe mpaka mawingu ya mvua ya kwanza yaonekane, ndipo wapewe mama wenye kunyonyesha na wale waliokonda kabla ya jua kuchwa. Siku hiyo mbuzi wasiogeshwe dawa ya kupe, wala wasipelekwe malisho ya mbali.

Akipatikana mwana-mbuzi aliyepoa, kidole kitiwe kinywani mwake. Kinywa kikiwa baridi, hali ni ya hatari. Kwanza afutwe mpaka akauke, kisha awekwe ndani ya shuka kwenye mwili wa mtu, au kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Wengi huharakisha kummiminia maziwa, na hapo ndipo humwua: asiyeweza kuinua kichwa hawezi kumeza, na maziwa huingia mapafuni. Apewe baada ya kupata joto na kuanza kutafuta chuchu.

Kuna dawa nyingine ya miezi 5 kabla. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, basi aliyepandwa mwezi wa Novemba atazaa Aprili, katikati ya mvua. Wamaasai huwafunga madume wa kondoo kipande cha ngozi chini ya tumbo ili wasipande wakati usiotakiwa, na ngozi kama hiyo humfaa beberu pia.

Mvua ikipita, kikohozi kiangaliwe kwa muda wa majuma mawili. Mara nyingi ni kichomi cha kawaida, lakini yaweza kuwa loukoi, homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa nchini Kenya mwaka 1976. Chanjo yake ipo, nayo hupigwa kabla ya ugonjwa kuingia. Mbuzi wawili watatu wakikohoa na kupumua kwa shida katika boma moja, watengwe siku hiyo hiyo, na ofisi ya mifugo ya Kaunti iarifiwe kabla kundi halijachanganyika na mengine kisimani.