Nguo ya Kupiga Chapa Isichujuke

Kazi ya kupiga chapa juu ya nguo si ngeni kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 kanga za Unguja zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa nakshi. Hata sasa wako akina mama wapatao riziki kwa kupamba vitambaa vya meza na foronya. Walakini wengi hupata hasara, kwa kuwa mnunuzi afuapo kitambaa mara ya kwanza, maua yote hubaki katika beseni. Naye harudi tena, na jirani zake huambiwa.

Mimi mwenyewe nilimpambia mke wangu vitambaa sita. Vilipofuliwa, kimoja tu kilisalia na maua yake. Nilipochunguza, nilitambua ya kuwa kile kilikatwa katika shuka kuukuu, na vile vitano katika nguo mpya.

Sababu ni hii. Nguo mpya mara nyingi hutiwa wanga ili ipate kusimama. Ukipaka rangi juu yake, rangi hushika wanga, haishiki uzi. Na wanga utokapo, hutoka pamoja na rangi. Basi kwanza ifue nguo kwa maji ya moto na sabuni, uisuze sana, uianike. Ikiisha kukauka, idondoshee tone la maji. Tone likisimama kama juu ya jani la gimbi, ifue tena. Likinywewa upesi, nguo i tayari.

Pili, tumia rangi iliyofanywa kwa ajili ya nguo, wala si rangi ya ukuta. Ile ya nguo ina gundi laini ikunjikayo pamoja na uzi. Ipake nyembamba, maana rangi nene hupasuka.

Tatu, iache nguo ikauke kivulini mchana na usiku. Kisha igeuze ndani nje, uipige pasi ya moto pasipo kunyunyiza maji, kila mahali dakika 3 hadi 5, ukiisogeza pasi isiunguze. Joto ndilo liishikizalo gundi katika nyuzi. Mwenye pasi ya makaa na apulize majivu kwanza. Nguo ya pamba huvumilia joto hilo. Ya nailoni huyeyuka. Kopo la rangi likiwa na maagizo yake, yafuate hayo.

Wako wasemao ya kuwa chumvi na siki hushikiza rangi. Kwa rangi hii ya gundi hazina kazi. Rangi za kuchemsha magome na mizizi ni jambo jingine: nyingi katika hizo hutaka nguo itiwe kwanza katika maji ya shabu.

Nne, kawia ufike: ngoja juma moja kabla ya kuifua. Tumia maji baridi na sabuni isiyo kali, usiipige juu ya jiwe, uianike kivulini.

Tena, kabla ya kuuza, pamba kipande kidogo kwa njia iyo hiyo, ukikate viwili, ufue kimoja mara tano, kisha uvilinganishe. Vikifanana, peleka nguo zako sokoni. Mwuzaji aliyekwisha kufua mwenyewe hana haja ya kuapa mbele ya mnunuzi.